Mwiko Ulioonekana Barabarani

Hadithi, hadithi!

Najua mtaniitikia: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Leo tubadilishe kidogo. Hadithi njoo, uwongo ubaki mlangoni, utamu kolea. Maana ya leo ni kweli tupu, na inatokea ndani ya mwili wako wewe mwenyewe.

Sogeeni, wapwa zangu. Leteni lile tenga la mahindi tupukuchue huku tukizungumza. Mikono ikiwa na kazi, masikio hutulia.

Jana jioni mdogo wenu aliokota hindi moja. Upande mmoja lilikuwa zuri, jeupe kama meno yake. Upande wa pili lilikuwa na ukungu wa kijani. Akaligeuza, akalinusa, akaniuliza: "Mjomba, mama anasema hindi lenye ukungu lina sumu inayoharibu ini. Lakini ini limo ndani ya mtu. Nani aliingia humo akaona?"

Nilicheka kwa furaha. Ah, mtoto huyu! Swali kama hilo haliuzwi dukani. Watu wazima wengi wakisikia neno "ini" hukumbuka maini rosti na chapati. Yeye alitaka kujua nani aliona. Mwanangu, hakuna aliyeingia. Habari ilitoka yenyewe. Ilitoka mdomoni mwa mwiko.

"Mwiko wa kusongea ugali?"

Naam, mwiko. Tulia nikusimulie.

Weka mkono chini ya mbavu zako, upande wa kulia. Hapo ndipo ini lilipo. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Wengine huliona kama kipande cha nyama tu. Mimi naliona kama jiko kubwa la shughuli, lile linalopika harusini, ambalo halizimwi moto usiku wala mchana.

Unapokula, chakula kinasagwa tumboni, kisha utumbo unakinyonya na kukitia kwenye damu. Damu ni barabara. Na barabara itokayo kwenye utumbo haiendi kwanza mguuni wala kichwani. Inapita kwanza jikoni. Kila kilicholetwa, kizuri na kibaya, lazima kibishe hodi kwa ini.

Jikoni humo kuna wapishi. Hao ni seli za ini. Ni wengi kuliko watu wote wa dunia hii. Kila mpishi anakaa kwenye kibanda chake kidogo, na kila kibanda kina ukuta mwembamba. Ndani ya kibanda kuna miko. Mwiko wa ini haukuchongwa kwa mti. Ni kitu kidogo mno kinachoitwa kimeng'enya, na kazi yake ni kuhamisha kipande cha chakula kutoka sahani hii kwenda sahani ile.

Mnataka kumsikia mwenyewe akisema? Haya, msikilizeni.

"Mimi ni Mwiko," anasema. "Maabara wananiita ALT. Natoa hapa, naweka pale. Natoa hapa, naweka pale. Sokoni sikujui, mtoni sikujui. Kwangu ni jikoni. Ni mwiko kwa mwiko kutembea barabarani!"

Mmecheka? Mwiko huyu ana utani. Lakini shikeni neno lake, maana hadithi nzima inasimama juu yake. Mwiko jikoni, hakuna habari. Mwiko barabarani, kuna habari.

Semeni nami: Mwiko jikoni, hakuna habari. Mwiko barabarani, kuna habari.

Sasa fikiria unatembea asubuhi kwenda shule. Njiani unakuta mwiko umelala vumbini. Mbele kidogo, mwingine. Mbele kidogo, mitano. Mbele kidogo, hamsini! Utaipita tu na kuimba? Hapana. Utasimama ujiulize: kule jikoni kumetokea nini? Moto umewashinda? Ukuta umeanguka?

Ndivyo ilivyo kwa ini. Sumu ikiingia, wapishi wanaumia. Kuta za vibanda vyao zinapata nyufa. Miko inachuruzika nje, inaangukia kwenye damu, na damu inaibeba mwili mzima. Inafika mpaka mkononi. Hapo daktari anatoa damu kidogo tu, na anaikuta miko. Hakuingia jikoni. Ameokota mwiko barabarani.

"Lakini mjomba, ini si lingelia tu? Mimi nikijikwaa nalia."

Umeuliza vyema. Sisi Waswahili maneno yakituuma sana tunasema yametukata maini. Cha ajabu, ini lenyewe halina mishipa ya kuhisi maumivu ndani yake. Ngozi laini inayolifunika ndiyo huuma, nayo huuma ini likivimba. Kwa hiyo ini linaweza kuungua kimya kimya, na mwenye nalo anacheza mpira. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ini ni mficha maradhi mkubwa. Bahati yetu ni kwamba miko yake haijui kutunza siri.

"Na hakuna hata mwiko mmoja unaotoka siku za kawaida?"

Ipo michache. Wapishi nao huzeeka, vibanda vya zamani hubomolewa na vipya hujengwa. Kwa hiyo kila mtu mzima wa afya ana ALT kidogo kwenye damu. Maabara nyingi huweka mpaka wake karibu na vipimo 40 kwa lita. Mwiko mmoja mmoja njiani hautishi mtu. Lakini sumu kali ikipiga, hesabu inaweza kufika maelfu. Hapo barabara yote imejaa miko, huna pa kuweka mguu.

Na barabara hufagiliwa pia. Kila baada ya siku mbili hivi, nusu ya miko iliyoanguka inakuwa imekwisha kuondolewa. Ndiyo maana miko inasimulia habari za juzi na jana, haisimulii habari za mwaka jana.

Nani aliyegundua jambo hili? Turudi nyuma miaka ya 1950, mjini New York, Marekani. Walikuwepo watafiti watatu: John LaDue, Felix Wróblewski na Arthur Karmen. Hawakuwa wakitafuta ini hata kidogo. Walikuwa wakitafuta moyo. Mwaka 1954 walieleza kwamba mtu akipata shambulio la moyo, kimeng'enya kimoja kiitwacho AST huongezeka katika damu yake. Huyo AST ni ndugu yake Mwiko. Baadaye ikaonekana kwamba hata wagonjwa wa ini wana AST nyingi barabarani. Mwaka 1955, huko Napoli, Italia, Fernando De Ritis na wenzake nao waliona jambo hilohilo kwa wagonjwa wa ini. Mtu alikwenda kutafuta mbuzi akapata na ng'ombe!

Lakini miko hii haionekani kwa macho, wala kwa darubini ya shuleni. Wataihesabu vipi?

Hapa Karmen alitumia akili ambayo hata bibi yenu angeipigia vigelegele. Tuseme umeme umekatika, chumba ni kiza, na unataka kujua watoto wako wangapi mle ndani. Huwezi kuwaona. Basi waingizie sinia la wali. Wakiwa wawili, wali utapungua polepole. Wakiwa ishirini, ukigeuka tu sinia ni jeupe. Ukitazama kasi ya wali kupungua, umejua idadi ya walaji.

Maabara hufanya hivyohivyo. Damu yako inatiwa kwenye kichupa. Kichupa kinazungushwa kwa kasi kwenye mashine, chembe nyekundu zinazama chini, na juu kunabaki maji ya njano hafifu. Miko iliyopotea inaelea humo. Kisha mtaalamu anaitilia chakula chake. Mwiko akiona chakula hajizuii: natoa hapa, naweka pale! Kadiri kazi inavyokwenda, kuna kitu humo ndani kinachokunywa mwanga, nacho kinapungua. Mashine inamulika mwanga ambao macho yetu hayauoni na kupima kitu hicho kinapungua kwa kasi gani. Kikipungua polepole, miko ni michache. Kikiisha mbiombio, jikoni kuna maafa.

Sasa ngoja. Mzee wa baraza hahukumu kwa shahidi mmoja. Naye daktari mwema hamsikilizi Mwiko peke yake.

Yule ndugu yake, AST, tumwite Kisu. Kisu kiko jikoni. Lakini kisu kiko shambani pia, na kwa muuza madafu, na buchani. AST iko kwenye ini, iko kwenye moyo, iko kwenye misuli. Ukiokota kisu barabarani huwezi kuapa kwamba kimetoka jikoni. Hata mtu aliyelima kutwa nzima au aliyekimbia mbio ndefu anaweza kumwaga visu, na hata miko michache, kwa sababu misuli yake imechoka. Kwa hiyo daktari huuliza kwanza: "Jana ulifanya nini?"

Shahidi wa tatu ni Taka. Jikoni si mahali pa kupika tu, ni pa kusafisha pia. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huzeeka na kuvunjwavunjwa. Katika kuvunjwa huko hutoka uchafu wa njano unaoitwa bilirubini. Ini huufagia, likautia kwenye nyongo, na nyongo ikaupeleka kwenye utumbo. Mnajua kwa nini kinyesi kina rangi ya udongo? Ni bilirubini hiyo baada ya kubadilikabadilika njiani. Chekeni tu, lakini ndiyo kazi ya ini iliyofanyika vizuri. Mfagiaji akiumwa, taka zinalundikana uani. Unjano unapanda mpaka machoni, na weupe wa jicho unageuka rangi ya binzari. Ukimwona mtu hivyo, usimcheke. Mwambie aende hospitali leo.

Shahidi wa nne ni Sufuria Tupu. Yeye hatuonyeshi kilichomwagika, anatuonyesha ambacho hakikupikwa. Ini ndilo linalopika vitu vya kugandisha damu, vile vinavyoziba jeraha lako ukijikata. Maabara hutia dawa kwenye damu na kuhesabu: moja, mbili, tatu. Kwa mtu mzima wa afya, inaganda kwa sekunde 11 hadi 14 hivi. Ikichelewa sana, basi huenda jikoni hakupikwi. Baadhi ya vitu hivyo hudumu saa chache tu, kwa hiyo jiko likizimika asubuhi, sufuria huanza kulia mapema.

"Mjomba, miko ikipungua barabarani, si ina maana amepona?"

Lo! Hilo swali hata wanafunzi wa udaktari huulizwa kwenye mtihani. Mara nyingi ndiyo, amepona. Kuta zimezibwa, miko imekoma kutoka. Lakini kuna siku miko hupungua kwa sababu jiko limeteketea na hakuna mwiko uliobaki wa kuanguka. Utatofautishaje? Muulize Sufuria Tupu. Miko ikipungua na damu inaganda vizuri, piga vigelegele. Miko ikipungua huku damu inazidi kukataa kuganda, usishangilie. Mwite daktari mbio.

Sasa tumgeukie mwizi. Maana Mwiko anatuambia ukuta umeanguka, lakini hamjui aliyeuangusha. Inaweza kuwa kirusi, pombe, dawa iliyozidishwa, au sumu ya chakula. Mwiko ni yuleyule, kilio ni kilekile.

Mwizi wetu wa leo yumo kwenye hindi la mdogo wenu. Kuna kuvu anayeishi kwenye udongo, na wataalamu wanamwita Aspergillus flavus. Huvamia mahindi na karanga, hasa ukame ukiyadhoofisha shambani, au unyevu ukiyakuta ghalani. Kuvu huyo hutengeneza sumu. Hapa Tanzania tunaiita sumukuvu.

Sumukuvu ilifichuliwa na bata mzinga. Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika miezi michache. Wakulima walihangaika. Ugonjwa haukujulikana hata jina, ukaitwa X tu, kama ile X ya kwenye hesabu. Mwishowe wakafuatilia chakula cha ndege. Kilikuwa na mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, nayo yalikuwa na kuvu. Maskini bata mzinga! Walikufa hawajui kwamba wametufundisha.

Na sumukuvu ina ujanja wa kusikitisha. Inapofika jikoni, bado haijawa kali. Mpishi mwenyewe, katika kujaribu kuipika ili aitupe nje, ndiye anayeiamsha. Anaigeuza kuwa kitu kinachonata na kuunguza kama cheche za moto. Mwenyeji amemfungulia mwizi mlango akidhani ni mgeni.

Kwa bahati nzuri mpishi ana ndoo ya maji kando ya moto. Kuna kitu ndani ya ini kinachozima cheche kama hizo. Cheche ikiruka, mpishi anamwaga maji, yameisha. Lakini cheche zikiwa nyingi kuliko maji ya ndoo, kibanda kinaungua.

"Na dawa ya homa je, mjomba?"

Umenitangulia! Ndiyo. Hata parasetamoli, dawa nzuri inayoshusha homa, hurusha cheche kidogo jikoni. Kwa kipimo sahihi ndoo inatosha, na wala ini halijui. Ikizidishwa, ndoo inakauka. Na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujiona mzima, kumbe moto unawaka. Miko huja kujaa barabarani baadaye. Madaktari wanayo dawa ya kujaza ndoo ile upya, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi. Kwa hiyo dawa hupimwa na mtu mzima, na kama mtu amezidisha, hatungoji aumwe. Tunakwenda hospitali hapohapo.

Turudi kwa sumukuvu. Mwaka 2004, majirani zetu wa Kenya walipata msiba, hasa Makueni na Kitui. Mvua ilikuja wakati si wake. Mahindi yakavunwa yakiwa na unyevu, na watu wakayaweka ndani ya nyumba wanamolala kwa kuogopa wezi. Hawakujua kwamba mwizi mkubwa alikuwa tayari ndani ya gunia. Watu wakaanza kuumwa tumbo. Macho yakawa manjano. Waliougua walikuwa 317, na 125 wakafariki. Walikuwemo watoto wa umri wenu.

Nyamazeni kidogo. Tuwakumbuke.

Miko barabarani ilitosha kusema: jikoni kuna maafa. Macho ya njano yalitosha kusema: mfagiaji ameanguka. Lakini nani alifanya? Ilibidi apatikane shahidi wa tano.

Mnaujua mmea wa kishonanguo? Ule wenye vimbegu vyeusi vyembamba vinavyong'ang'ania sketi? Ukipita kwenye kichaka chake huwezi kukana. Ukifika nyumbani mama anatazama nguo tu, anasema, "Ulikuwa kule bondeni, nami nilikukataza!" Nguo imekusema.

Sasa, ini hutengeneza wapagazi wanaoitwa albumini. Wapagazi hawa hutoka jikoni wakatembea barabarani kwa wiki kadhaa, wamebeba mizigo ya kila namna. Na wao, tofauti na Mwiko, barabarani ndiko kwao. Lakini sumukuvu ikiamka jikoni, inang'ang'ania nguo za wapagazi kama kishonanguo. Mpagazi hawezi kuikung'uta. Atatembea nayo mpaka mwisho wa maisha yake. Daktari akichukua damu na kuchunguza nguo za wapagazi, anajua: mtu huyu alipita kwenye kichaka cha sumukuvu, na si leo tu, katika wiki na miezi iliyopita.

Ndivyo watafiti walivyofanya kule Makueni na Kitui. Walichukua wagonjwa 40, na watu 80 wa vijiji vilevile ambao hawakuugua. Wakalinganisha damu zao. Wagonjwa walikuwa na kishonanguo kingi zaidi. Mwizi akakamatwa, ushahidi ukiwa kwenye nguo.

Na ilikuwa kiasi gani, hiyo sumu? Katika Afrika Mashariki mpaka uliowekwa kwa mahindi ni sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Bilioni moja ni ngapi? Fikiria magunia 3,000 yaliyojaa mahindi. Ndani ya yote, punje 10 tu. Baadhi ya mahindi ya Makueni na Kitui yalikuwa na zaidi ya punje 1,000. Mnaona jinsi ini linavyoumizwa na kitu kidogo?

Msidhani ilikuwa ya Kenya peke yake. Mwaka 2016 sumukuvu ilibisha hodi kwetu pia, mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wakafa.

Kuna pia wizi wa kimya zaidi. Mtu anakula sumu kidogo kidogo, leo kidogo, kesho kidogo, kwa miaka. Ukuta hauanguki. Mwiko uko jikoni, hakuna habari. Lakini mwizi anaingia usiku na kufutafuta maneno kwenye kitabu cha mapishi. Siku moja mpishi anafungua kitabu, anasoma makosa, na anaanza kupika saratani. Mwiko hakuona kitu. Ni kishonanguo tu kingeweza kutuambia mapema. Ndiyo maana shahidi mmoja hatoshi, hata awe mwaminifu kama Mwiko.

Sasa niwape la kuwafurahisha. Ini ni jiko lenye ajabu. Hata likikatwa theluthi mbili, ile theluthi iliyobaki, ikiwa na afya, inaweza kukua tena mpaka kukaribia ukubwa wake wa zamani. Kwa hiyo kumwona Mwiko mapema kuna faida. Sumu ikizuiwa mapema, wapishi wanajenga upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ini hukubali kuzibwa ufa.

"Mjomba, tukiyapika sana mahindi, sumu si itakufa?"

Natamani ningesema ndiyo. Lakini sumukuvu haiogopi moto wa mkaa wala wa kuni. Chemsha, songa, choma, bado ipo. Kwa hiyo vita yetu haipiganwi kwenye sufuria. Inapiganwa hapa, uani, kwenye tenga hili. Kavu tunaweka. Lenye ukungu, lililovunjika, lililotobolewa na wadudu, tunatenga, na hatumpi kuku wala ng'ombe. Tunaanika juu ya turubai, hatuaniki kwenye udongo, maana udongoni ndiko kwa kuvu. Na tunayakoboa, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye maganda na kiini. Macho hayaoni yote, wala ulimi hauionji sumu, lakini mkono unaochambua hupunguza mengi.

Haya, nileteeni chupa ya kioo iliyo kavu, ile yenye kifuniko. Tieni mahindi mpaka theluthi. Ongezeni chumvi kavu kidogo. Funika, tikisa. Tikisa tena. Sasa iache itulie.

Mdogo wenu akaiinua chupa, akafunga jicho moja, akaitazama kwenye mwanga kama daktari wa maabara. "Mjomba, chumvi imenata ukutani!"

Imenata! Maana yake mahindi bado yana unyevu. Yangekuwa makavu, chumvi ingeteleza ikaanguka chini yote. Mmeona? Leo sisi wenyewe tumesoma ishara kwenye kioo. Kesho jua likitoka, turubai litandikwe tena, na ghala lisubiri.

Jua lilikuwa linazama. Harufu ya moshi ikatoka jikoni, na sauti ya mama yenu akisonga ugali wa unga wa mahindi makavu ya msimu uliopita. Mdogo wenu akakimbia akachungulia mlangoni, akarudi anahema.

"Mjomba! Mwiko uko jikoni!"

"Basi kuna habari gani?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Hakuna habari!"

Hakuna habari. Nawa mikono, mpwa wangu, tukale.